Mbona Halii? Miezi ya Kwanza na Mtoto Mdogo Uliyemwasili

Siku tuliyomleta binti yetu nyumbani hakulia hata mara moja. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minane. Alikaa pale tulipomkalisha, akala tulichompa, akaogeshwa bila kelele, na usiku akalala kabla hatujazima taa. Ndugu waliopiga simu tuliwaambia kwa furaha kwamba mtoto ametulia utadhani amezaliwa humu humu. Wiki ya tatu alianza kulia. Alilia usiku kucha kwa siku kama kumi. Nikimbeba ananiuma, nikimweka chini ananililia. Tukadhani kuna jambo tumeliharibu.

Hatukuwa tumeharibu chochote. Tulikuwa tumemsoma kinyume tangu siku ya kwanza, na wazazi wengi walioasili ninaozungumza nao huwasoma watoto wao kinyume vivyo hivyo. Ugumu wa kuasili mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu uko hapo hasa: mambo mengi yanayomtuliza mzazi ndiyo yangepaswa kumfikirisha, na mengi yanayomkosesha usingizi ni habari njema. Asipolijua hilo mapema, mzazi hushangilia pasipostahili na kukata tamaa siku ambayo mtoto ameanza kumwamini.

Amefika, na pia ameondoka

Kwa mzazi, siku ya kumchukua mtoto ni mwisho wa safari ndefu: fomu, mahojiano na maafisa wa ustawi wa jamii, ziara za ukaguzi, mahakama, na kungoja. Kwa mtoto ni siku ambayo watu wote anaowajua wametoweka kwa mpigo. Sauti iliyokuwa ikimwamsha, harufu ya nguo ya aliyekuwa akimbeba, wenzake waliolala kando yake, vyote vimekwisha na hakuna aliyemuuliza. Alikotoka palikuwa pazuri au pabaya, kwake ndiko kulikokuwa nyumbani.

Umri wake ndio unaolifanya jambo hili kuwa zito. Mtoto wa wiki chache bado hajashikamana na mlezi mmoja hasa. Wa miaka sita unaweza kuketi naye ukamweleza, hata kama hatakuamini. Huyu wa kati amekua kiasi cha kushikamana na mtu na kumkosa, lakini hana maneno ya kuuliza mtu huyo yuko wapi. Kuanzia miezi saba hadi tisa hivi mtoto huanza kumtofautisha waziwazi mlezi wake na mgeni, na karibu na umri huo huo huelewa kwamba kitu kikifichwa bado kipo. Kwa hiyo akiamka na kuona uso wako, hajui kwamba amepata mama. Anachojua ni kwamba yule mwingine yupo mahali fulani na haji.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi tulioasili inatubidi tukumbuke kwamba huyu amekwisha kulelewa na wengine kabla yetu, na aliyojifunza huko aliyajifunza kwa akili kabisa. Kama aliishi mahali ambapo mlezi mmoja alihudumia watoto wengi, huenda aligundua kwamba kulia hakuleti mtu, akaacha kulia. Hajawa mpole. Ameacha kupoteza nguvu zake.

Ndiyo maana yale unayoweza kuyachukua kutoka kwa walezi wa awali yana thamani kuliko nguo mpya na vitanda vilivyopambwa. Waulize anaitwaje kwa jina la kudekezwa, analazwa kwa wimbo gani, anashikwaje akipewa chupa, anatumia neno gani akitaka maji. Omba kitambaa au nguo aliyokuwa akilala nayo, na usiifue. Sisi yetu tuliifua siku ya pili, kwa sabuni ya kunukia, tukidhani tunamfanyia usafi. Alikishika kile kitambaa, akakinusa, akakiweka chini. Hadi leo likinijia jambo hilo naumia.

Na jina lake msilifute ghafla. Linaweza kuwa kitu pekee alichokuja nacho ambacho ni chake kweli. Mkitaka kumwongezea jingine, liongezeni polepole, mkilitaja sambamba na la zamani.

Kimya kinachodanganya

Watu wamewahi kudanganywa na kimya cha watoto wadogo kwa jumla, na hadithi ya jinsi walivyogutuka inafaa kujulikana. Mwaka 1952 James Robertson, aliyekuwa akifanya kazi London pamoja na daktari wa magonjwa ya akili John Bowlby, alionyesha filamu ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa hospitalini siku 8 bila mama yake. Zama hizo hospitali nyingi ziliwaruhusu wazazi kuwatembelea watoto wao kwa nadra sana, na wauguzi waliamini kwamba watoto huizoea wodi upesi kwa kuwa baada ya siku chache huacha kulia.

Robertson aliwatazama watoto wa aina hiyo kwa muda mrefu, akaona hatua tatu. Kwanza mtoto hupinga: analia, anatikisa kitanda, anatazama mlangoni. Kisha hukata tamaa: ananyamaza, halemei mtu, anakuwa mzito. Akibaki peke yake muda mrefu zaidi hujitenga: anakula, anacheza, anawatabasamia wauguzi, na mama yake akija anamtazama kama mtu asiyemhusu. Wodini huyo wa hatua ya tatu ndiye aliyeitwa mtoto aliyezoea.

Binti yetu wa wiki ya kwanza alikuwa mtoto huyo. Sasa nikiitazama picha tuliyompiga jioni ile, mikono yake imelala mapajani, macho yapo lakini hayamtafuti mtu yeyote, naona kile ambacho sikukiona wakati ule. Alipoanza kulia wiki ya tatu alikuwa anarudi nyuma njia ile ile, kutoka kujitenga hadi kupinga, na alikuwa ameamua kupinga mbele yangu. Mtoto halii kwa muda mrefu mbele ya mtu ambaye yeye mtoto hatarajii chochote kutoka kwake.

Sisemi kila mtoto mtulivu ana huzuni. Wapo waliozaliwa na tabia ya upole, na wapo waliotoka kwa mlezi mmoja aliyewapenda, wakaagwa vizuri, na mapenzi hayo wakayahamishia kwa wazazi wapya bila misukosuko mikubwa. Wapo pia wanaopiga mayowe tangu mlangoni, na hao kwa kweli humwonea huruma mzazi wao, kwa sababu wanamwonyesha kilio chao tangu mwanzo. Ninachosihi ni kwamba kimya cha wiki za kwanza kisihesabiwe kuwa ushahidi wa lolote. Mbebe mtoto asiyelia mara nyingi kama ambavyo ungembeba anayelia. Yeye hataomba.

Tabasamu la kila mgeni

Kuna jambo jingine linalowafurahisha wageni na kumchanganya mzazi. Mtoto anamkimbilia kila anayeingia, anapanda mapajani mwa fundi aliyekuja kutengeneza bomba, anamshika mkono mpita njia akaondoka naye. Watu husema ni mchangamfu. Mzazi, kimoyomoyo, anajiuliza: mbona mimi ni kama mtu yeyote tu?

Mahali ambapo walezi hupokezana zamu, mtoto anayemtabasamia kila mtu mzima ndiye anayebebwa. Ni ufundi wa kuishi, na kule ulimfaa. Mradi wa utafiti ulioanza mwaka 2000 mjini Bucharest, Romania, uliwafuatilia watoto 136 waliokuwa katika taasisi za kulelea watoto. Nusu yao walipelekwa kwa familia za malezi kwa kura, wengine wakabaki katika utaratibu wa kawaida. Waliopata familia walishikamana na walezi wao vizuri zaidi, na waliozipata kabla ya kutimiza miaka miwili hivi ndio walionufaika kuliko wote. Lakini tabia ya kuwavamia wageni kwa mapenzi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochelewa kubadilika. Kwa hiyo usijilaumu ikidumu, wala usimkaripie mtoto kwa kuwa mwema kwa watu. Unamrudisha kwako, taratibu, kila mara.

Hapa ndipo panapozaliwa ushauri unaowaudhi ndugu na marafiki: kwa wiki au miezi ya mwanzo, wazazi wenyewe tu ndio wamlishe, wamwogeshe, wambebe, wambembeleze na kumlaza. Sababu yake ni rahisi kuielewa ukiujua mwendo wa kushikamana. Mtoto anahitaji kitu, analia, mtu anakuja, hitaji linatimizwa, mwili unatulia. Mzunguko huo hurudiwa mara maelfu katika mwaka wa kwanza wa maisha, na mtu yule yule anayeujibu ndiye anayekuwa kimbilio. Huyu wako alikosa mizunguko hiyo, au aliifanya na mtu aliyetoweka. Mnaanza upya, na mikono ikiwa mingi hesabu inampotea.

Kulisema jambo hilo kwa mama yangu mzazi kulikuwa kugumu kuliko mahojiano yote tuliyopitia.

"Mama, akikujia cheka naye, kisha umrudishe kwangu. Usimbebe kwanza."

"Mwanangu, mimi nimelea watoto watano. Leo nikatazwe mjukuu?"

"Sikukatazi, mama. Bado hajui mimi ni nani. Akishajua, utambeba mpaka uchoke."

Alinyamaza kwa muda, na niliona imemchoma. Kesho yake akaja asubuhi, akakunja mikono ya gauni lake, akaosha vyombo vyote, akafua, akafagia, akaondoka. Alifanya hivyo wiki nne. Sijui zawadi kubwa kuliko hiyo kwa mzazi aliyeasili: mtu wa kuzichukua kazi za nyumba ili mikono ya mzazi ibaki kwa mtoto. Wanaokuuliza wasaidieje, waambie hivyo bila haya.

Umri wa nyumbani

Njia iliyotuokoa sisi ni kuhesabu umri mara mbili: tangu alipozaliwa, na tangu alipofika. Mtoto wa miaka miwili aliyefika majuma sita yaliyopita ana umri wa nyumbani wa majuma sita. Ukilishika hilo, mengi yanayoonekana kuwa kurudi nyuma hueleweka. Anataka chupa ingawa alikwisha kuiacha. Anataka kubebwa ingawa anatembea vizuri. Anajikojolea, anaongea kitoto, anataka kutazamwa machoni akinyonya. Mpe. Hutamharibu. Analipia deni la uchanga ambao hamkuuishi pamoja, na akishashiba ataliacha mwenyewe, kwa kawaida mapema kuliko unavyoogopa.

Ratiba yenu na iwe ya kuchosha kwa jinsi inavyofanana. Saa zile zile, njia ile ile, wimbo ule ule, bafu kisha nguo za kulalia kisha kitabu. Mtu mzima huona ni maisha finyu. Kwa mtoto ambaye dunia imemgeuka ghafla, kujua kinachofuata ndiyo raha yenyewe. Safari, sherehe za kumkaribisha na mikusanyiko mikubwa vingoje. Mchezo bora wa kipindi hiki hauhitaji kununua kitu: funika uso wako kwa mikono, kisha uibuke. Mamia ya mara. Unamfundisha kwamba kinachotoweka hurudi, somo ambalo maisha yalikwisha kumfundisha kinyume chake.

Usiku ndio mgumu zaidi, kwa sababu kulala ni kuachana. Binti yetu alikuwa akishtuka kila baada ya saa moja au mbili, anakaa kitandani, anatazama. Kitanda chake tulikileta kando ya chetu, nikawa nalala mkono wangu umepita katikati ya vyuma. Mbinu za kumwacha mtoto alie hadi alale peke yake, hata kama zimewafaa jirani zako, sizipendekezi kwa mtoto huyu. Akiachwa gizani akilia anathibitishiwa alichokuwa akikihofia.

Chakula nacho kina mambo yake. Wengine hula bila kukoma, wanaficha mabaki mfukoni au chini ya mto, wanapiga mayowe sahani ikiondolewa. Wengine hususa kabisa. Usigeuze meza kuwa uwanja wa vita. Lisha kwa saa zinazotabirika, muache ashike kitu kidogo cha kutafuna kati ya milo ili mkono wake ujue kwamba kipo, na mlishe wewe mwenyewe, uso kwa uso, hata kama anaweza kujilisha.

Kuhusu hasira: atagaagaa sakafuni kama watoto wote wa umri wake, na juu ya hapo atakuwa na hasira za msiba. Kumpeleka chumbani peke yake "mpaka utulie" ni adhabu inayomwambia kwamba akikosea anaondolewa. Kaa chini karibu naye, sema machache kwa sauti ya chini, zuia asijiumize, ngoja. Sheria ziwe mbili tatu tu, za usalama. Mengine yatafuata.

Mzazi anayekataliwa, na mzazi asiyesikia kitu

Kwa kawaida mtoto huchagua mmoja. Kwetu alinichagua mimi, akawa analia mume wangu akiingia tu chumbani. Mume wangu alivumilia kwa maneno, lakini nilimwona akianza kuchelewa kurudi nyumbani kutoka kazini. Ni kawaida mtoto aliyejaa hofu kumudu mtu mmoja kwa wakati, wala si hukumu juu ya mtu aliyekataliwa. Kosa ni yule aliyekataliwa kujiondoa akidhani anampa mtoto nafasi. Abaki. Akae karibu wakati mwenzake amembeba mtoto, akabidhiwe jambo moja la furaha ambalo ni lake peke yake, na yule aliyechaguliwa ajizuie kumpokonya mtoto mara anapolia mikononi mwa mwenzake. Kwetu jambo hilo lilikuwa maji: mume wangu alishika kazi ya kuogesha, na ilichukua miezi miwili.

Linalosemwa kwa nadra zaidi ni la moyo wa mzazi. Ulimngoja mtoto huyu miaka, na sasa yupo, na unamtazama ukijiona kama yaya wa mtoto wa mtu. Unamhudumia vizuri na husikii kitu. Au unasikia majuto, na unaona aibu kiasi kwamba huthubutu kuyasema kwa maafisa waliokupitisha, wasije wakadhani hufai. Wazazi walioasili hupatwa na sonona kama wanavyopatwa waliojifungua, akina baba kwa akina mama. Usingizi umekatika, mtoto anakukataa, na kila mtu anakupongeza. Kama hali hiyo inaendelea wiki baada ya wiki, kama huoni ladha ya chochote au unamwogopa mtoto, nenda kwa daktari na uyaseme kama yalivyo. Mapenzi kwa mtoto huja kwa kumhudumia, na kwa wengi huja baada ya mkono kuwa umeshazoea uzito wake.

Mpeleke naye mtoto akapimwe mwili mzima katika wiki za mwanzo: ukuaji, masikio, macho, damu, chanjo. Kuchelewa kuongea kunaweza kuwa lugha mpya, kunaweza kuwa upweke wa zamani, na kunaweza kuwa masikio yenye maji. Asiyepima atabaki kubahatisha. Tafuta msaada wa mtaalamu kama baada ya miezi kadhaa mtoto bado hamwendei mtu yeyote akiumia, kama anajiumiza, kama anapoteza aliyokuwa akiyaweza, au kama hakui licha ya kula.

Habari ya kuasiliwa kwake mwanzieni sasa, kabla hajaielewa. Kitabu kidogo cha picha kinatosha: hapa ulikaa, huyu alikulea, siku hii tulikuja. Msimpe siku ya kuja kuambiwa. Likianza kusemwa akiwa na miaka miwili, akiwa mapajani, litakuwa jambo alilolijua siku zote.

Sasa turudi kwenye kulia. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwafuatilia akina mama na watoto wao wachanga katika vijiji vya karibu na Kampala, Uganda, akiandika mambo madogo: ni nani mtoto anamfuata kwa macho, ni nani akiondoka analiliwa, ni kwa nani mtoto anarudi kidogo, anamgusa, kisha anaondoka tena kwenda kuchunguza. Mambo hayo madogo ndiyo ya kuyatazama wewe nyumbani kwako. Hayaji siku moja, na huenda usiyatambue yakipita.

Mwezi wa tano binti yetu alijikwaa uani. Tulikuwa watu wazima wanne, mama yangu akiwa karibu naye kuliko sote. Hakulia papo hapo. Aliinua kichwa, akazungusha macho kutoka uso hadi uso, akampita bibi yake, akampita shangazi, akafika kwangu. Ndipo akalia.